Fito Zimo Chini ya U: Msomaji na Njia za Kutafuta Katika Kamusi na Vitabu vya Kiswahili

Utangulizi

Dabaso ni eneo lililo kando ya hori ya Mida, katika Kaunti ya Kilifi, jirani na magofu ya Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke. Hori hiyo imezungukwa na mikoko, na mafundi wa nyumba katika mwambao huyapambanua majiti ya mikoko kwa unene wake, kila unene na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo na banaa. Mtoto wa Dabaso huweza kuyasikia majina haya kabla hajajua kusoma. Akifika shuleni akakabidhiwa kamusi iliyoshika kanuni ya kuingiza nomino kwa umoja wake pekee, kisha akatakiwa atafute maana ya fito, atafungua herufi F, atapita fisi, atapita fitina, wala fito hataziona. Atafungua P kutafuta pau, asizipate. Boriti ataipata mara moja. Yamkini atahitimisha kwamba boriti ni Kiswahili, na kwamba fito na pau ni maneno ya nyumbani tu, pengine ya Kigiriama, yasiyostahili kuandikwa katika insha. Kumbe yote matatu yamo kamusini. Mawili yameingizwa chini ya U: ufito na upau.

Makala haya yanashughulikia safari hiyo fupi ya msomaji, kutoka kwa neno alilonalo hadi pale maana yake ilipoandikwa. Katika mijadala ya leksikografia ya Kiswahili, suala la maana limepewa uzito mkubwa, na suala la istilahi limepewa uzito mkubwa zaidi. Suala la mlango limeachwa nyuma. Inadaiwa hapa kwamba kila chombo cha kutafutia, kiwe kamusi, faharasa, katalogi ya maktaba au hata kibao cha njiani, humtaka mtafutaji awe tayari anajua jambo fulani. Kikimtaka ajue lilelile alilokuja kulitafuta, chombo hicho kimemfungia nje, hata kama ndani yake mna utajiri wote wa lugha.

Majina ya nyumba za Gede

Mfano ulio wazi zaidi wa hoja hii si wa kamusi, nao uko karibu sana na Dabaso. Magofu ya Gede yamelindwa kisheria tangu mwaka 1927, na mwezi Julai 2024 yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya Turathi za Dunia. Kazi kubwa ya kuyachimbua ilifanywa na James Kirkman kati ya mwaka 1948 na 1958. Mji ule ulikuwa umehamwa tangu karne ya 17, na nyumba zake hazikuacha majina ya kumwongoza mchimbaji. Ilimbidi Kirkman azipe majina yeye mwenyewe.

Majina aliyozipa ni ya namna mbili. Baadhi yalitokana na vitu vilivyofukuliwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sarafu za Kichina. Mengine yalitokana na umbo la nyumba yenyewe: Nyumba ya Birika, Nyumba ya Ua Mrefu. Kwa mchimbaji, namna ya kwanza ndiyo bora, maana kumbukumbu zake zimepangwa kwa vitu alivyovipata; akiusoma mkasi anajua mara moja ni nyumba ipi. Mgeni aliyesimama leo baina ya kuta haoni mkasi wowote, kwa kuwa vifaa vilivyofukuliwa hupelekwa kuhifadhiwa makumbushoni. Nyumba ya Ua Mrefu anaweza kuitambua kwa macho. Nyumba ya Mkasi hawezi kuitambua mpaka asome kibao, na akishasoma kibao hana tena haja ya jina hilo kumwongoza. Hali kadhalika, kaburi maarufu lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, linajitambulisha lenyewe kwa kila ajuaye kusoma maandishi yaliyo juu yake.

Hili halina maana kwamba Kirkman alikosea. Majina yake yalimfaa mtu yaliyekusudiwa kumfaa. Ila kila mpango wa majina una mwenyewe, na mwenyewe huyo si lazima awe yule anayehangaika kutafuta. (Mfasiri wa majina hayo naye ana mtihani wake. Kirkman ana nyumba moja aliyoiita kwa wale simbi wa baharini waliokuwa wakitumiwa kama fedha, na nyingine kwa bakuli la Kichina. Kiswahili kinaweza kuviita vyote viwili kauri, na Nyumba ya Kauri ikawa mbili. Afadhali ya kwanza iitwe Nyumba ya Simbi.)

Umoja usiotamkwa na mtu

Kanuni ya kuingiza nomino kwa umoja wake imetumika katika kamusi za Kiswahili tangu zile za awali za wamishenari hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, iliyotoka mwaka 1981 na kufuatwa na matoleo ya 2004 na 2013. Kanuni hii ina mantiki. Wingi wa ngeli nyingi hubashirika, na kuingiza kila nomino mara mbili kungeifanya kamusi iwe mzigo. Kwa nomino kama kiti au mti msomaji hapati taabu, kwa sababu umoja wake umo kinywani mwa kila mtu.

Taabu huanzia katika ngeli ya U-ZI, na katika nomino kadhaa za ngeli ya LI-YA. Tazama maneno haya: fito, pau, kuni, nyuzi, nyavu, mbao, mbavu, kucha, nywele, kope, nyayo, ndimi, meno, macho. Haya ni maneno ya kila siku, na mengi kati yake hutamkwa kwa wingi mara kumi kabla hayajatamkwa kwa umoja mara moja. Hakuna atumwaye kuleta ukuni mmoja. Fito huja kwa mafungu. Mtu husema nywele zake zimeota mvi; akisema unywele, pana jambo mahususi limetokea, aghalabu ndani ya bakuli la mchuzi. Kwa hiyo umbo linalotawala katika usemi ni wingi, na umbo linalotawala katika kamusi ni umoja, na baina ya maumbo hayo mawili herufi ya kwanza imebadilika kabisa: kutoka N hadi U, kutoka M hadi U, kutoka K hadi U. Mwanafunzi asiyejua kwamba umoja wa ndimi ni ulimi hana njia ya kubahatisha. Akijua, basi hakika hakuhitaji sana kamusi.

Msemaji wa Kigiriama hayuko gizani kabisa katika jambo hili. Lugha yake nayo ni ya Kibantu na ina ngeli zake. Mutu na atu kwake ni kama mtu na watu. Anajua kwa silika kwamba nomino ina kichwa kinachobadilika. Asichokijua ni desturi ya mwanakamusi, na desturi hiyo huelezwa katika kurasa za mwanzo, zile zenye nambari za Kirumi, ambazo wanafunzi wengi huziruka.

Tiba ya tatizo hili ni nyepesi mno, na ndiyo sababu inashangaza kwamba haitumiwi kwa ukamilifu: kielekezi. Mstari mmoja chini ya F usemao fito, tazama ufito. Mstari mmoja chini ya N usemao ndimi, tazama ulimi. Nomino zinazohitaji kielekezi si zote. Ni zile tu ambazo wingi wake hauanzi pale umoja unapoanzia na hauwezi kubashiriwa na asiyeujua umoja. Vielekezi vya namna hiyo vimo hapa na pale katika kamusi mbalimbali, lakini kwa kiasi na utaratibu unaotofautiana kutoka kamusi hadi kamusi, na mtumiaji hawezi kuvitegemea.

Mzizi, shina na mtego wa KU

Vitenzi vina mashaka yao. Kiswahili hubeba mbele ya mzizi kiambishi cha nafsi, cha wakati, cha urejeshi na cha mtendwa, na nyuma yake hubeba minyambuliko. Msomaji akikutana na waliompigania, lazima avue nguo nne mbele na moja au mbili nyuma kabla hajafika kwenye piga. Wanafunzi wa isimu hufanya zoezi hili kwa raha. Mwanafunzi wa darasa la sita hulifanya kwa kubahatisha, na mahali pa kuteleza ni pengi.

Mtego mmoja ni wa vitenzi vya silabi moja. Katika amekula, mwanafunzi mwangalifu huondoa a- na -me-, akabaki na kula, akafungua K. Kanuni aliyofundishwa ameifuata vilivyo, nayo imempoteza, maana KU hii ni ya kuegemeza sauti tu na mzizi wenyewe ni la. Akifungua L atakutana na la zaidi ya moja: la ya kukataa, la ya kitenzi, na la ile ya jina la mtu. Kwa mtoto wa Dabaso ambaye nyumbani husema kudza, kujua kwamba kamusi inataka ja, silabi tupu isiyotamkika peke yake ila kwa amri ya darasani, ni jambo linalohitaji kufundishwa waziwazi.

Mtego mwingine ni wa maneno yanayokubali kukatwa kwa njia mbili. Atupaye aweza kuwa yule anayetupa kitu, na aweza kuwa yule anayetupa sisi. Katika sentensi ya kwanza kamusi ifunguliwe T. Katika ya pili, ifunguliwe P. Akaniliza si akaniuliza, ijapokuwa sikio la haraka huyachanganya, na mmoja hupelekwa kwenye lia na mwingine kwenye uliza. Hapa hakuna kielekezi kitakachotosha. Msomaji lazima aelewe sentensi kwanza ndipo alipate neno, ilhali alilitafuta neno ili aielewe sentensi.

Wanakamusi wamejaribu njia mbili kuu. Kamusi ya Kiswahili–Kiingereza ya Frederick Johnson, iliyochapishwa mwaka 1939 juu ya msingi wa kazi ya Madan, ilikusanya jamaa nzima ya neno chini ya kitenzi. Mpishi na mapishi hutafutwa kwa pika. Msomi na masomo kwa soma. Mpango huu unafanana na ule wa kamusi za jadi za Kiarabu, ambamo maktaba hutafutwa chini ya mzizi wa herufi tatu, k-t-b. Uzuri wake ni kwamba msomaji huiona jamaa yote pamoja na kuelewa jinsi lugha inavyozaa maneno. Kasoro yake ni kwamba lazima ajue pika imo ndani ya mpishi, na k imegeuka kuwa sh. Kamusi ya TUKI ilichagua njia ya pili: nomino iliyotokana na kitenzi ipewe kitomeo chake yenyewe, nayo minyambuliko ya kitenzi iorodheshwe mwishoni mwa kitomeo cha kitenzi. Mpishi basi yuko chini ya M, anakotarajiwa na kila mtu. Gharama yake ni M iliyovimba, kwa kuwa humo hukutana watu wote, miti yote, na kila wingi wenye MA usio na umoja.

Kwa maoni ya makala haya, TUKI ilichagua vyema kwa ajili ya msomaji wa kawaida, na Johnson alichagua vyema kwa ajili ya mwanafunzi wa mofolojia. Kupendelea kimoja si lazima kuwe kukitupa kingine. Kitomeo cha mpishi kinaweza kumalizika kwa neno moja tu linalomrudisha msomaji kwenye pika.

Tarakilishi, au ngamizi kama alivyopendelea kuiita Sheikh Ahmed Nabhany, imeleta njia ya tatu. Kuanzia miaka ya 1980, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliunda programu inayochambua neno la Kiswahili kama lilivyoandikwa na kulirudisha kwenye shina lake. Umuhimu wa kazi hiyo huonekana kwa atumiaye utafutaji wa kawaida wa herufi: akiandika piga, mashine itampa wanapiga na wamepigana, lakini haitampa aliyepigwa wala amenipigia, kwa kuwa herufi hazilingani. Akiandika la, itampa karibu kila ukurasa. Mashine isiyojua mofolojia ya Kiswahili humtafutia Mswahili kwa kanuni za lugha nyingine.

Macho, mato, matso

Tatizo huzidi kina msomaji anapotoka katika Kiswahili sanifu na kuingia katika tenzi za kale, ambazo nyingi zilitungwa kwa Kiamu na lahaja jirani zake. Huko macho ni mato, nchi ni nti, njia ni ndia, chini ni tini. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayesoma utenzi mara ya kwanza hukwama si kwa ugumu wa fikra bali kwa kukosa mlango: kamusi sanifu haina mato, na hata angejua kwamba ni macho, angehitaji hatua ya pili hadi jicho.

Ajabu ni kwamba mwanafunzi kutoka Dabaso ana ufunguo ambao mwenzake wa bara hana. Kwake macho ni matso, nchi ni tsi, maji ni madzi. Sauti zilizohitilafiana baina ya lahaja zimo kinywani mwake tayari, na uhusiano wa mato, matso na macho humdhihirikia mara tu akionyeshwa safu moja ya mifano. Hakuna haja ya kuingiza kila neno la Kiamu katika kamusi sanifu. Ukurasa mmoja wa ulinganifu wa sauti, uwekwe mwanzoni mwa kila utenzi unaochapishwa kwa wanafunzi, ungemwezesha msomaji kujitafutia mengi. Charles Sacleux, katika kamusi yake ya Kiswahili–Kifaransa ya mwaka 1939, aliingiza maneno ya lahaja kwa wingi na kuyatia alama za mahali yanakotoka. Bahati mbaya hazina hiyo imefunikwa na Kifaransa kwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki.

Kuhusu homonimu yatosha kusema machache. Wageni hufika Dabaso kula kaa wa horini. Mwenyeji humwambia mgeni akae. Jikoni mna kaa la moto. Kamusi huweka vitomeo mbalimbali vya kaa na kuvitofautisha kwa nambari ndogo. Hapa mtafutaji hufika mlangoni pasipo shida, ila hukuta milango kadhaa iliyofanana. Ngeli iliyoandikwa mbele ya kila kitomeo ndiyo inayompambanulia, na mwalimu anayefundisha ngeli kwa viambishi vya upatanisho, A-WA kwa kaa wa baharini na LI-YA kwa kaa la moto, humfundisha wakati huohuo kusoma kamusi.

Methali zinazoanza kwa Asiye

Kamusi za methali zinastahili kutazamwa peke yake, maana huko upangaji wa alfabeti hushindwa waziwazi. Methali nyingi za Kiswahili huanza kwa umbo la kisarufi na si kwa neno lenye maana: asiye, mwenye, usi-, si, ukiona, mtaka. Kitabu kikipangwa kwa neno la kwanza, A na M hujaa pomoni huku herufi nyingine zikiwa na methali mbili tatu. Hilo lingevumilika kama msomaji angekumbuka neno la kwanza. Lakini kinachokumbukwa katika methali ni taswira yake. Anayetafuta methali ya mtu mkaidi hukumbuka guu lililovunjika. Hakumbuki kama ilianza kwa asiyesikia au kwa asiyeskia au kwa mkaidi. Anayetafuta methali ya mtoto asiyelelewa hukumbuka mama na ulimwengu.

Hapa kinachohitajika si kuupanga upya mwili wa kitabu. Yatosha kuongeza mwishoni orodha ya nomino na vitenzi vikuu, yaani guu, mama, ulimwengu, haraka, mgeni, kila kimoja na nambari za methali zake. Ni kazi ya subira ya wiki chache. Kitabu kisicho na orodha hiyo husomwa na mwenye nafasi ya kukisoma chote. Kilicho nayo hutumiwa.

Tatizo lilo hilo limeingia maktabani. Tenzi zikipangwa kwa anwani, zote hujilundika chini ya neno Utenzi, na nusu yake hukimbilia Utendi kwa kuwa mhariri alifuata matamshi ya Kiamu. Inkishafi huwekwa na mmoja chini ya I, na mwingine chini ya A kwa sababu ya al- ya Kiarabu. Majina ya watunzi yamezidi. Mwana Kupona binti Mshamu atafutwe kwa Mwana, kwa Kupona au kwa Mshamu? Muyaka bin Haji al-Ghassaniy huitwa Muyaka na kila amjuaye, lakini utaratibu unaotanguliza jina la mwisho humpeleka chini ya Ghassaniy, mahali ambapo mpenzi wa mashairi yake hatafikiria kumtafuta. Utaratibu huo ulitungwa kwa jamii zenye jina la ukoo linalorithiwa. Jina la Kiswahili lenye bin au binti limejengwa kwa nasaba, na kichwa chake kiko mwanzoni. Wahariri wa majarida ya Kiswahili, pamoja na ya wanafunzi, wangeweza kuamua kwamba watunzi wa kale waorodheshwe kwa jina walilojulikana nalo.

Faharasa iliyopotewa na maana yake

Neno faharasa lenyewe lina kisa. Lilitufikia kwa Kiarabu, nacho kililipata kwa Kiajemi. Katika karne ya 10 Ibn al-Nadim wa Baghdad alikiita Fihrist kitabu chake kilichoorodhesha vitabu alivyovijua. Katika vitabu vya Kiswahili leo, faharasa huweza kuwa orodha ya mada na kurasa zake, na huweza pia kuwa orodha ya maneno magumu na maana zake, ambayo wengine huiita sherehe. Msomaji anayeona faharasa katika yaliyomo hajui atakutana na ipi. Ingefaa neno hili lihifadhiwe kwa maana ya kwanza, na sherehe iachiwe ya pili. Mkanganyo huu wa istilahi pengine ni dalili ya jambo kubwa zaidi: vitabu vingi vya kitaaluma vya Kiswahili havina faharasa ya mada kabisa, na msomaji anayetaka kujua mwandishi alisema nini kuhusu arudhi hana budi kupekua kurasa zote.

Si kwamba utamaduni wa kumwongoza msomaji ni mgeni katika mwambao. Mtoto wa madrasa huambiwa juzuu, sura na aya, na huifikia sehemu anayotakiwa katika msahafu wowote, uwe mkubwa au mdogo, uwe umechapishwa wapi. Juzuu 30 ni mgawanyo wa kiasi, uliokusudiwa mpango wa usomaji. Sura 114 ni mgawanyo wa matini, zenye majina mengi yaliyotokana na neno linalopatikana ndani yake. Migawanyo hiyo miwili huishi pamoja katika kitabu kimoja kwa sababu ina watafutaji wawili. Katika miswada ya hati za Kiarabu, mwandishi aliandika chini ya ukurasa neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili karatasi zikitawanyika zirudishwe mahali pake. Na katika Dura Mandhuma, beti zimefuatana kwa mpangilio wa herufi za Kiarabu, hivyo aliyesahau ubeti hukumbushwa na alfabeti.

Mwenye kitu asiye na neno

Hadi hapa mtafutaji aliyezungumziwa ana neno na anatafuta maana. Yuko mwingine, naye ndiye aliyesahauliwa zaidi: mwenye kitu mkononi asiyejua kinaitwaje. Alfabeti haimsaidii kwa lolote.

Waongozaji wa watalii wa hori ya Mida na Arabuko-Sokoke wanalijua tatizo hili vizuri. Vitabu vya ndege wanavyotumia vimepangwa kwa familia za kisayansi, na fahirisi zake ni za Kiingereza na Kilatini. Mtu aliyemjua ndege tangu utotoni kwa jina la Kigiriama hana ukurasa wa kuanzia. Wamejifunza majina ya kigeni, na wengi ni mabingwa, lakini jina la nyumbani limebaki nje ya kitabu.

Kiswahili kina mfano mzuri wa njia nyingine. Katika Umbuji wa Mnazi, uliotoka mwaka 1985, Sheikh Nabhany aliupanga msamiati wa mnazi kwa kufuata mnazi wenyewe, ukuaji wake na matumizi yake. Kabla ya hapo, mwaka 1979, alikuwa ametoa Sambo ya Kiwandeo, ambamo msamiati wa chombo cha baharini umefuata ujenzi wa chombo. Kazi hizo husifiwa kwa ushairi wake na kwa kuhifadhi msamiati. Sifa yake ya tatu haitajwi mara nyingi: ni vyombo vya kutafutia. Asiyejua jina la sehemu fulani ya chombo hufuata ujenzi hadi afike kwenye sehemu hiyo, na jina huwa linamngoja.

Mikoko ya Mida inangoja kazi ya namna hiyo. Neno mkoko hutumiwa na wengi kwa miti yote ya horini, lakini mkaaji wa pwani hutofautisha mkoko wenyewe, muia, mkandaa, mchu, mlilana na mkomafi. Mwanafunzi akitaka kujua mchu ni nini, kamusi itamweleza. Akiwa amesimama kwenye tope mbele ya mti ambao mizizi yake imechomoza kutoka ardhini kama vidole, haitamwambia kwamba huo ndio mchu, kwa maana hana herufi ya kuanzia. Picha moja ya ufuo ingemtosha, ikianzia majini na kuishia nchi kavu, kila mti ukiwa umechorwa mahali unapoota na jina lake pembeni. Na ukurasa unaofuata ungebeba picha ya nyumba ya udongo inayojengwa, kabla haijakandikwa, fito zikiwa zimefungwa kwenye nguzo na pau zikingoja makuti, kila kitu kikiwa kimeandikwa kwa umbo analolisikia mtoto wa Dabaso kutoka kwa fundi, na umoja wake ukifuata kwa herufi ndogo.